Kompyuta Haijakataa Jina Lako

Leo nina neno na mafundi wenzangu wa programu. Ninyi wengine msikimbie, maana linahusu majina yenu.

Huku kwetu, kuanzia Kilifi hadi Malindi, kuna majina yenye ng'. Mfano unaojulikana na wote ni Gideon Mung'aro, aliyechaguliwa gavana wa Kilifi mwaka 2022. Ile ritifaa si pambo. Ng' ni sauti moja, na ukiiondoa ritifaa umebadilisha sauti: ng'oa si ngoa. Lakini majina ya namna hii hurudi kutoka maofisini bila ritifaa, au yamekatwa vipande viwili. Ukiuliza kwenye kaunta unaambiwa, "Kompyuta imekataa."

Si kweli! Kompyuta imetii.

Tuanze na mashine kubwa za IBM, zile za ukoo wa System/360 uliotangazwa mwaka 1964. Hazitumii ASCII bali EBCDIC. Herufi M kwenye ASCII ni 4D, kwenye EBCDIC ni D4. Kwa hiyo data ikiingia lazima itafsiriwe, na kwa lugha ya asembli kazi hiyo ni mstari mmoja tu:

TR JINA(8),JEDWALI

JEDWALI lina baiti 256. TR huchukua kila baiti ya jina, huitumia kama namba ya nafasi ndani ya jedwali, kisha huandika kile ilichokikuta pale. Ritifaa ya ASCII ni 27. Kwenye nafasi hiyo fundi akiweka 7D, ritifaa inavuka salama. Akiweka 40, ambayo ni nafasi tupu, MUNG'ARO inakuwa MUNG ARO.

Kwa nini nafasi tupu? Kwa sababu TR haiwezi kufuta. Baiti moja inaingia, baiti moja inatoka. Fundi asiyetaka ritifaa, na mvivu wa kusogeza herufi zilizobaki, anaweka tupu na kwenda zake. Halafu inakuja TRT, amri ya kutafuta. Ikipewa jedwali la kusaka nafasi tupu, inasimama kwenye ya kwanza, na programu inahesabu majina mawili. ARO sasa ni ukoo!

Wakati huohuo pasipoti ya mtu huyo, kwenye mistari ya chini inayosomwa na mashine, inafuata kanuni ya ICAO: ritifaa huondolewa na herufi huunganishwa, MUNGARO. Mtu mmoja, majina mawili tofauti. Anayeulizwa maswali ni yeye, si fundi.

Najua mtanijibu kuwa ritifaa ni hatari, inafunga maneno kwenye SQL na kumfungulia mwizi mlango. Basi tengeni data na amri zenu. Mlango mbovu hurekebishwa mlango, hakatwi mgeni mguu. Hata asembli yenyewe, ambayo hutumia ritifaa kufungia maneno, ina njia: unaiandika mara mbili, C'MUNG''ARO', na jina linahifadhiwa zima.

Wengine watasema hayo ni ya kale. Sawa, ila baadhi ya simu leo huandika ritifaa iliyopinda, ambayo kwa UTF-8 ni baiti tatu: E2 80 99. Ukiipitisha kwenye TR, kila baiti inatafsiriwa peke yake na unapata takataka tatu. Ibadilisheni kuwa ya kawaida kabla ya kutafsiri. Mashine za IBM za leo zina hata amri za kubadilisha Unicode. Kisingizio kiko wapi?

Ombi langu ni dogo. Kabla ya kusema mfumo umekamilika, ujaribuni kwa jina lenye ng'. Lirudi kama lilivyoingia. Nanyi wasomaji, mkiambiwa kompyuta imekataa, ulizeni: jedwali liliandikwa na nani?