KALAMU YA MWALIMU: Karani na Hati



Jirani yetu mmoja hapa Uingereza, bibi mzee, ni wa madhehebu ya Marafiki, wale waitwao Quakers. Ibada yao ya Jumapili ni kukaa kimya. Hapana mhubiri wala wimbo. Anayehisi kwamba Mungu amemtia neno moyoni husimama akalisema, kisha huketi. Sisi tunaoamini kwamba wahyi umekwisha kwa Mtume wetu (S.A.W.) tulilionea shaka jambo hilo. Tukamwuliza, mtu atajuaje kuwa hiyo si sauti ya nafsi yake? Badala ya hoja akatupa kisa cha John Woolman.

Woolman alizaliwa mwaka 1720 katika koloni la New Jersey. Ujanani alikuwa karani wa duka mjini Mount Holly. Siku moja tajiri wake alimwamuru aandike hati ya kumwuza mjakazi, na mnunuzi yupo, anangoja. Moyo ulimsuta. Lakini yeye ni mwajiriwa, na mnunuzi ni mzee wa madhehebu yao wenyewe. Akaandika. Kisha akawaambia wote wawili kuwa kumiliki watu, kwa maoni yake, hakupatani na dini ya Kikristo. Baadaye mtu mwingine alipomwomba hati kama ile, alikataa.

Kisa hiki hakina muujiza: ni kalamu, karatasi na tajiri anayesubiri. Tangu hapo Woolman alizunguka miaka mingi akizungumza kwa upole na wenye watumwa, majumbani mwao. Mwaka 1772 alikuja Uingereza, akasafiri kwa miguu kwa kuwa magari ya abiria yaliwatesa farasi na vijana waliowaendesha. Alifia York mwaka huohuo, kwa ndui. Mwaka 1776 Marafiki wa Philadelphia wakawakataza wenzao kumiliki watumwa.

Sisi wa Unguja na Pemba hatuhitaji kuelezwa hati hizo. Amri ya kuuondoa utumwa kwetu ilitolewa mwaka 1897, na masuria wakaachwa nje yake mpaka mwaka 1909. Haukupita muda Marafiki hao hao wakafungua misheni Pemba kwa ajili ya walioachwa huru. Wangapi kati yetu tuna bibi ambaye habari zake hazisemwi sebuleni?

Tangu tustaafu, watu hutuletea barua tuwaandikie. Mwaka jana baba mmoja alitaka tuiarifu shule kwamba binti yake ni mgonjwa, nasi tunajua yumo nyumbani analea wadogo zake. Tuliandika. Ni mtu wetu, na chai ilikwisha letwa. Msichana alikuwa amesimama mlangoni akiitazama kalamu. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Sahaba Wabisa auulize moyo wake, wetu ulikuwa umekwisha jibu kabla ya wino kukauka.

Aliporudi kutaka barua ya pili, tulimwambia hatuandiki. Miezi mitatu hakutuamkia msikitini. Binti alirejea darasani, ila hesabu zilikuwa zimempita sana. Sasa kila Jumamosi huja kwetu na daftari lake. Baba yake humfikisha mpaka mlangoni, na bado haingii.