Tamko la Walimu wa Montessori Kuhusu Muziki wa Watoto wa Madarasa ya Awali

Sisi walimu wa Montessori wa madarasa ya awali nchini Tanzania, kupitia chama chetu, tunatoa tamko hili kwa wazazi, wamiliki wa shule na mamlaka zinazosimamia elimu.

1. Tangu Maria Montessori alipofungua nyumba ya kwanza ya watoto mtaani San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907, malezi ya hisi yamekuwa msingi wa njia yake ya kufundisha. Kwa upande wa usikivu, msaidizi wake Anna Maria Maccheroni aliandaa mazoezi ya muziki kwa kengele zinazotumika hadi leo.

2. Kengele hizo ni seti mbili, kila seti kengele 13. Seti moja ina vitako vyeupe na vyeusi, nayo hubaki mahali pake. Nyingine ina vitako vya rangi ya mbao, nayo ndiyo mtoto huihamisha. Zote zina umbo na ukubwa mmoja, hivyo jicho halimsaidii mtoto kitu. Hugonga moja, husikiliza, hutafuta inayolia sawa nayo. Akishaweza kuzioanisha, huzipanga kuanzia sauti ya chini hadi ya juu. Majina ya noti huja baadaye, na maandishi yake baadaye zaidi. Akikosea, mwalimu hamkatizi. Sikio lake litamrekebisha, leo au wiki ijayo. Subira hiyo ni sehemu ya ufundishaji, wala si uzembe wa mwalimu.

3. Chama kimeona kwa masikitiko kwamba katika baadhi ya shule muziki umegeuzwa maandalizi ya mahafali. Watoto wa miaka minne hukaririshwa nyimbo ili kumfurahisha mgeni rasmi, spika zikinguruma hadi wenyewe hawasikiani. Hatupingi sherehe, wala hatumnyimi mzazi furaha ya kumwona mwanawe akiimba. Tunapinga sherehe kushika nafasi ya somo.

4. Ni kweli kwamba kengele hizo ni ghali. Hata hivyo, jozi sita za makopo yanayofanana, yakitiwa mchanga, mchele au mahindi na kufungwa vizuri, humzoeza mtoto kupambanua sauti kabla hajafikia noti. Mchezo wa ukimya hauna gharama kabisa: watoto hutulia, kila mmoja akingoja kusikia jina lake likinong'onwa.

5. Ala za Wagogo, kama zeze na ilimba, hazikupangwa kwa sauti za piano, tofauti na kengele hizo. Mtoto asiambiwe kwamba sauti za nyumbani kwao zina kasoro. Ilimba iwekwe rafuni pamoja na kengele, na kila kimoja kisikilizwe kwa mpangilio wake. Katika hili chama hakitalegea.

6. Kwa hiyo chama kimeazimia kwamba kila mwanachama ataweka vifaa vya sauti mahali mtoto anapovifikia mwenyewe kila siku, na kwamba saa za asubuhi za kazi ya mtoto hazitatumika kwa mazoezi ya mahafali. Kinaziomba mamlaka, zinapokagua madarasa ya awali, zimtazame mtoto akiwa kazini na vifaa hivyo, badala ya kwaya iliyoandaliwa kwa ajili ya ugeni. Mwalimu atakayeshinikizwa kuacha utaratibu huu akijulishe chama kwa maandishi. Viongozi watafika shuleni kuzungumza na mwajiri wake.