Mhudumu wa Wagonjwa si Kibarua wa Msimu

Ipo kazi ifaayo kuwa ya kibarua na ipo isiyofaa. Anayepakua magunia ya mchele kule Ahero leo aweza kupokewa kesho na mwenziwe, na gunia lisijue tofauti. Mgonjwa hujua. Ajuza wa Nyalenda anayemeza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi hamwelezi siri zake kila abishaye hodi. Humweleza yule aliyemzoea.

Neno hili halina budi kusemwa hapa Kisumu, kwani ni hapa ambapo mpango wa afya kwa wote ulizinduliwa Desemba 2018. Mwaka wa 2020, serikali iliajiri maelfu ya wahudumu wa afya nchini kwa mkataba wa miaka 3. Muda ulipokwisha, mkataba uliongezwa badala ya kugeuzwa ajira ya kudumu, hata mwaka wa 2025 wahudumu hao wakapiga kambi nje ya Jumba la Afya, Nairobi. Mapema mwaka uo huo, Marekani iliposimamisha misaada yake, wahudumu wengi wa wagonjwa wa Ukimwi katika kaunti za ufuo wa ziwa, ambao walilipwa na wafadhili, waliachishwa kazi ghafla. Waliondoka na ujuzi usioandikwa katika faili: nani ameacha dawa, na kwa nini.

Nitaambiwa kwamba hazina ni tupu na mishahara ya umma imekwisha kuwa mzigo. Mgala muue na haki umpe: hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mkataba mfupi haupunguzi idadi ya wagonjwa. Hupunguza wajibu wa mwajiri tu. Dawa hizo humezwa kila siku, maisha yote. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, humhesabu kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Ikiwa mpakuzi wa magunia amekingwa hivyo, muuguzi azungushwe miaka 5 kwa sababu gani?

Sisi walimu hatuhitaji kuelezwa zaidi. Walimu wanagenzi wa sekondari msingi waligoma mwaka wa 2024 kwa kilio kicho hicho, na tuliona jinsi darasa linavyoyumba mwalimu asipojua kama atakuwapo muhula ujao.

Kwa maoni yangu, kila kaunti ya ufuo huu yapasa itenge katika bajeti yake nafasi za kudumu za wahudumu hawa, na fedha za wafadhili zielekezwe kwenye vifaa na mafunzo. Mfadhili akiondoka na vifaa vyake, vingine vyaweza kununuliwa. Imani ya mgonjwa hainunuliki. Hujengwa kwa miaka, na mtu yule yule.