Dudu la sinema tunalijua, la shambani hatulijui

Haya jamani, nimerudi. Najua nimepotea wiki mbili nzima. Testi zilinikaba, bumu nalo liliisha mapema, hata hamu ya kuandika ikawa haipo. Ila leo nina jambo moyoni na lazima nilitoe.

Jumamosi iliyopita tulijazana watu kama kumi chumbani kwetu, wote tunatazama laptopu moja. Jamaa wa chumba cha jirani alikuja na sinema ya zamani, Alien, ile ya mwaka 1979 iliyoongozwa na Ridley Scott. Kwa ambao hamjaiona: kuna chombo cha anga kinaitwa Nostromo, kina wafanyakazi saba na paka. Wanatua mahali wasipopajua, mmoja wao anainamia kitu kama yai, yai linafunguka, kidude chenye miguu kama vidole kinamrukia na kumng'ang'ania usoni. Baadaye kinaachia chenyewe, wanadhani mwenzao kapona. Wamekaa mezani wanakula, mara kifua chake kinapasuka na kidude kingine kinachomoka! Muda mfupi baadaye hicho kidude kimekuwa jitu refu kuliko mtu, lina damu ya asidi inayotoboa sakafu ya chuma, na ndani ya taya lake kuna taya jingine.

Pale kwenye kifua mshkaji mmoja alitoka nje, eti anapokea simu. Simu yenyewe hatukuisikia ikilia. Mwingine, huyu anasoma sheria, akatoa hukumu: "Wazungu wana muda wa kuchezea. Kiumbe kama hiki hakiwezi kuwepo popote." Watu wote wakamuunga mkono. Mimi nipo biolojia mwaka wa tatu, nikasema kipo, tena kipo hata kwao shambani. Nilichekwa mpaka saa sita usiku. Sasa huku hakuna wa kunikatiza, kwa hiyo nisikilizeni.

Mimi kiumbe chochote cha kubuni nakiuliza maswali matatu tu: kinajilinda vipi, kinakula nini, na kinazaaje. Kikijibu vizuri nakipa maksi zake, hata kama hakipo.

Swali la kwanza, kujilinda. Mnacheka taya la pili? Mkunga, yule samaki kama nyoka anayejificha kwenye mashimo ya miamba ya pwani yetu, analo. Mwaka 2007 Rita Mehta na Peter Wainwright wa California walieleza jinsi taya la kooni la mkunga linavyochomoka kwenda mbele, likadaka windo na kulivuta tumboni. Yaani sinema ilitangulia miaka 28. Asidi je? Chungu wa maji moto wanaojenga viota kwenye majani ya miembe wanakurushia asidi ya fomiki, aliyewahi kupanda mwembe anajua. Na wewe mwenyewe tumboni unatembea na asidi, haikutoboi kwa sababu kuna ute unaokinga. Damu ya kutoboa chuma ni chumvi nyingi, nakubali, lakini wazo lenyewe si la ajabu. Hapa nawapa B+.

Swali la pili, kula. Hapa dudu letu linafeli, tena halipati hata supu. Linatoka kifuani likiwa dogo kama paka mchanga, halafu ndani ya saa chache limevuka mita mbili. Limekula nini? Hatukuonyeshwa. Kuku wa nyama, ambaye ni bingwa wa kukua, anachukua wiki tano au sita kufika kilo mbili, na hapo kashakula kilo tatu mpaka nne za chakula. Mwili hautoki hewani. Ukiona kiumbe kinaongezeka kilo mia bila kula, jua mwandishi alikuwa na haraka.

Kwa njia, ndani ya lile vazi la dudu mwaka 1979 alikuwemo Mwafrika mwenzetu, Bolaji Badejo wa Nigeria, aliyekuwa akisoma mambo ya sanaa London. Walimchukua kwa urefu wake. Mwanafunzi kama sisi, bwana.

Swali la tatu ndilo lililoniletea ugomvi: kinazaaje? Mayai yenyewe, sinema ya pili ya mwaka 1986, ya James Cameron, iliyapatia malkia anayetaga tu muda wote, kama malkia wa mchwa. Hilo halina shida. Shida wanayoiona watu ni ile ya kuweka mtoto ndani ya mwili wa mwingine, mtoto akalie humo, kisha atoboe atoke. Ndugu zangu, hiyo ndiyo maisha ya kila siku ya nyigu wadogo sana wasioumiza mtu. Kuna mmoja anaitwa Cotesia flavipes, urefu wake ni milimita chache tu. Jike anaingia kwenye tundu la bua la mahindi alimojificha bungua, yule funza anayekula bua kwa ndani, anamdunga mayai mwilini. Watoto wanaangua humo humo, wanakula majimaji ya mwili wake huku bungua bado mzima. Siku kumi na kitu zikipita, makumi ya vibuu wanatoboa ngozi yake kwa pamoja, wanatoka, wanajisokotea vifuko vyeupe vidogo kama punje za mchele. Bungua anakufa.

Tena nyigu anamshinda dudu wa sinema kwa akili. Kwenye sinema hawaelezi kwa nini mwili wa yule jamaa haukumkataa mgeni. Nyigu ana jibu. Anapodunga mayai anadunga pamoja na virusi vinavyozima kinga ya mwili wa bungua, na maelekezo ya kutengeneza virusi hivyo yamo kwenye DNA ya nyigu mwenyewe. Mimi niliposoma hilo mara ya kwanza pale kwenye kimbweta nilifunga desa nikakaa kimya kidogo.

Na huyu nyigu hakuja kwa bahati. Bungua mmojawapo, Chilo partellus, ni mgeni kutoka Asia, aliingia Afrika miaka ya 1930. Watafiti wa ICIPE pale Nairobi walimfuata adui yake huko huko Asia, nchini Pakistan, na mwaka 1993 wakamwachia huru pwani ya Kenya. Ameshika mizizi. Na yupo ndugu yake wa kienyeji, Cotesia sesamiae, aliyekuwa akifanya kazi hiyo hiyo tangu zamani bila kushukuriwa na mtu. Hadithi ya muhogo ni kubwa zaidi. Kidung'ata, yule mdudu mweupe kama unga, alitoka Amerika Kusini akaanza kumaliza mihogo miaka ya 1970. Mwaka 1981 Hans Herren na wenzake walianza kuachia nyigu wa kutoka Paraguay huko Nigeria, na mwaka 1995 akapewa Tuzo ya Chakula Duniani. Herren ni Mswisi. H.R. Giger aliyelichora dudu la Alien naye alikuwa Mswisi. Mmoja alitutisha, mwingine alitulisha, na viumbe wao wanazaa kwa mtindo ule ule.

Sasa niwaambie kilichonifanya nichukie kucheka kwenu. Likizo ya mwaka wa kwanza nilikuwa nyumbani, namsaidia mama kung'oa mahindi yaliyonyauka. Nikapasua bua, nikamkuta bungua amelegea, pembeni yake rundo la vifuko vyeupe. Mama akasema, "Ona mwanangu, shetani huyu keshataga." Tukayakusanya mabua yote ya namna hiyo, tukayatia moto. Niliyawasha mimi mwenyewe. Mwaka wa pili nikakutana na picha ya vifuko vile kwenye mhadhara. Hayakuwa mayai ya bungua, walikuwa nyigu wanaongoja kutoka. Tuliwachoma waliokuwa wanatusaidia, tukaenda dukani kununua dawa, na dawa haichagui, inaua bungua na nyigu pamoja.

Mama simlaumu, nani alimwambia? Najilaumu mimi. Wakati ule ungeniamsha usiku ungenikuta najua hatua za dudu la Alien kwa mpangilio: yai, mng'ang'ania uso, mpasua kifua, jitu zima. Nilizijua kwa kusimuliwa na washkaji kabla hata sijaiona sinema yote. Ya nyigu wa shamba letu sikujua hata moja.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Sinema hizi si upuuzi, na si ushetani kama rumeti wangu anavyodai. Zinatufundisha kukiuliza kiumbe maswali. Upuuzi ni kuishia hapo, ukazima laptopu ukalala. Ukishajua kubishana nusu usiku kuhusu mdudu asiyekuwepo, una akili ya kutosha kumuuliza yule aliyepo nyuma ya nyumba yenu. Na msiniambie nyigu hamrukii mtu usoni kwa hiyo ni tofauti. Kwa bungua hakuna tofauti yoyote.

Najua mtanijibu kwamba dudu kama hilo likija litamaliza watu wote. Hapo tena sinema imekosea. Mwindaji akimaliza windo, naye kwisha habari yake. Nyigu wa mahindi hajammaliza bungua na hatammaliza, wanapunguzana tu. Ndiyo maana mama yangu atamwona bungua kila mwaka, na ndiyo maana inabidi ajue nani ni nani kabla ya kuwasha kiberiti.

La mwisho. Andiko la mradi wa utafiti linatakiwa Ijumaa. Wengi darasani wameandika mbu, kwa sababu mbu wana pesa na ajira, na siwalaumu. Jana nilimpigia mzee nikamwambia nataka kuandika nyigu wa kwenye mabua. Akanyamaza. Kisha akasema, "Yaani nimeuza ng'ombe wawili ili ukasome manyigu?" Nikamwambia, "Baba, wale niliowachoma na mama." Akanyamaza tena, halafu salio likaisha. Langu.

Bado sijampigia. Ila andiko nimeshalianza, kurasa mbili. Mwanasheria wa chumba cha pili, ukisoma hapa, mwezi wa sita karibu kwetu nikakupasulie bua.

Tuko pamoja.