Mahali pa Ujenzi Napo ni Darasa

Kila mwaka masomo yanapofungwa, wanafunzi wa vyuo vikuu wanaosomea usimamizi wa ujenzi, uhandisi na ukadiriaji majenzi hutawanyika nchini kutafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Mkononi huwa na barua ya chuo na daftari la kumbukumbu za kazi. Muda wao ni mfupi, wiki 8 hivi, na katika wiki hizo wanatakiwa waone kwa macho yale waliyoyasikia darasani mwaka mzima.

Wako wanaopokewa vyema na kukabidhiwa kwa mhandisi au mnyapara mwenye subira ya kuwafundisha. Wako pia wanaozungushwa kutoka ofisi hadi ofisi mpaka nusu ya muda wao inakwisha. Wengine hupokewa, lakini kazi yao huwa kunakili barua na kuagizwa chai. Walio na bahati mbaya zaidi huambiwa wakae nyumbani, warudi siku ya mwisho daftari lipigwe muhuri.

Jambo hili halipaswi kuchukuliwa kuwa dogo. Muhuri uliopigwa juu ya kazi ambayo haikufanyika ni uongo, na katika ujenzi uongo una uzito wa zege. Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 2024, jengo la Kariakoo liliporomoka likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani yake, na maisha ya watu zaidi ya 20 yakapotea. Si haki kuyatwisha majanga hayo mabega ya wanafunzi. Kila janga lina sababu zake. Hata hivyo yanalikumbusha Taifa kwamba usimamizi wa kazi ni ulinzi wa uhai.

Msimamizi wa ujenzi ndiye anayejua kwamba nondo hukaguliwa kabla ya zege kumwagwa, kwa sababu baada ya hapo hakuna jicho litakaloziona tena. Ndiye anayehakikisha kwamba sampuli za zege zinachukuliwa siku ile ile, zikavunjwa kwa mashine baada ya siku 7 na siku 28 ili nguvu yake ijulikane. Ndiye anayepanga saruji ifike kwa wakati, isije ikagandia stoo, wala vibarua 40 wasikae kivulini wakilipwa kwa sababu kokoto zimechelewa. Kitabu kinaweza kuyaeleza yote hayo. Hakiwezi kumfundisha kijana kumwambia fundi aliyemzidi umri kwa miaka 30 kwamba kazi ile ivunjwe ianzwe upya. Ujasiri huo hupatikana mahali pa kazi, chini ya mtu mzima anayeufahamu.

Taifa halikuanza leo kulitambua jambo hili. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikataa elimu inayomtenga msomi na kazi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaenda mbali zaidi, likataka vijana waonje kazi kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Chuo Kikuu Ardhi, ambacho leo kina skuli inayofundisha ubunifu majengo pamoja na uchumi na usimamizi wa ujenzi, kilianza mwaka 1956 kama chuo kidogo cha upimaji ardhi. Upimaji ni fani ambayo hakuna aliyepata kuijua bila kutembea porini na vyombo vyake begani. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilikuwa shule ya maelfu ya Watanzania na Wazambia waliofanya kazi bega kwa bega na mafundi wa China.

Katika miaka ya karibuni nchi imejenga kazi kubwa mno: reli ya kisasa iliyofika Dodoma mwaka 2024, Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, na daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa mwaka 2025. Miradi ya namna hiyo haijengwi mara mbili katika kizazi kimoja. Ikipita bila vijana wa kutosha kuishika kwa mikono, Taifa litabaki na daraja, lakini ujuzi wa kulijenga utaondoka pamoja na mitambo ya mkandarasi.

Ni kweli kwamba makandarasi nao wana hoja zao. Mkandarasi mdogo, ambaye malipo yake yamechelewa miezi kadhaa, huuliza: kofia ngumu na viatu vya mwanafunzi vitatoka wapi? Akiumia, nani atamtibu? Msimamizi akiacha kazi ili afundishe, nani atafidia saa zake? Maswali hayo ni ya haki, na hotuba za kuwataka makandarasi wawe wazalendo haziyajibu.

Jibu liko ndani ya mkataba. Katika kila zabuni mkandarasi huandikiwa gharama za awali: banda la ofisi, walinzi, bima, maji na kibao cha mradi. Vitu hivyo hupatikana kwa sababu vimeandikwa na kutiwa bei. Mafunzo ya wanafunzi yaandikwe hapo hapo. Itajwe idadi yao kulingana na ukubwa wa kazi, posho yao, bima yao, vifaa vyao vya usalama na jina la cheo cha atakayewafundisha. Yatajwe pia mahitaji ya wasichana, maana wako waliokatishwa tamaa na jambo dogo kama kukosa choo chao. Gharama hiyo, ikilinganishwa na thamani ya mradi, ni tone katika pipa. Mafunzo yakishatiwa bei hukaguliwa kama kazi nyingine yoyote, na asiyeyatekeleza halipwi.

Hapa ndipo watumishi wa Serikali wanapohusika moja kwa moja, kwa kuwa hati hizo za zabuni huandaliwa katika ofisi zao. Mwongozo wa Taifa wa mafunzo ya kazi kwa wahitimu uliotolewa mwaka 2017 upo. Bodi ya Usajili wa Wahandisi imekuwa na mpango wa kuwalea wahandisi wahitimu tangu mwaka 2003, na uzoefu wake unastahili kupanuliwa ufike kwa kila fani ya ujenzi. Kilichobaki ni utekelezaji.

Walimu nao wamo katika suala hili. Mwaka 2021 Serikali iliamua kujenga madarasa 15,000 kwa mkupuo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na mafundi wa mahali chini ya kamati za shule. Walimu wakuu wakajikuta wakihesabu mifuko ya saruji, wakipokea mchanga usiku na kusoma ramani ambazo hawakusomeshwa. Wengi walijitahidi kupita kiasi. Laiti kila mmoja angekuwa na mwanafunzi wa usimamizi wa ujenzi kando yake, chini ya uangalizi wa mhandisi wa halmashauri, mwalimu angepumua, na kijana angejifunza katika wiki chache mambo ambayo ofisi yenye kiyoyozi isingemfunza mwaka mzima. Halmashauri zinazojenga shule na zahanati kwa utaratibu huo zinaweza kuomba wanafunzi hao kutoka vyuoni bila kungoja sheria mpya.

Vyuo vikuu navyo visijione vimemaliza kazi kwa kutoa barua. Mhadhiri amtembelee mwanafunzi kazini, aulize amefanya nini, si amesaini nini. Kabla ya kuhitimu, kijana afundishwe kuandaa zabuni, kukokotoa bei na kufahamu madaraja 7 ya makandarasi, ili wanaotaka kuungana waanzishe kampuni ndogo wajue mlango ulipo. Sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa vikundi maalumu, vikiwemo vya vijana. Fungu hilo halimsaidii asiyejua kuliomba.

Samaki mkunje angali mbichi. Kijana anayefukuzwa langoni leo ndiye atakayekabidhiwa kesho jengo watakamolala, watakamosoma na watakamotibiwa watoto wa wengine. Afisa mwenye kalamu ya zabuni, mkandarasi mwenye ufunguo wa lango, na mwalimu mwenye daftari la wanafunzi, kila mmoja ana sehemu yake. Aitimize sasa, msingi ungali wazi.