Wamefufua Kukunja, Wakazika Betri

Wasee, wacha niseme kisha mnitusi baadaye: simu ya kukunja si kitu mpya. Ni zilipendwa imepakwa rangi, na mnalipishwa kama ndiyo imevumbuliwa jana.

Angalia miaka. 1989 Motorola walitoa MicroTAC, simu yenye kifuniko kidogo cha kufunika vitufe. 1996 wakaleta StarTAC, inakunjika katikati kabisa, gramu 88 tu. Bei ilikuwa karibu dola 1,000, kwa hivyo ilikuwa ya wadosi. 2004 ikaja RAZR V3, na hiyo ndiyo ilifika kwa watu wa kawaida: ziliuzwa zaidi ya milioni 130. Halafu 2007 iPhone ikaingia, kila mtu akataka kioo kikubwa, kukunja kukazikwa. 2019 Motorola wakafufua jina lao kwa dola 1,500. 2020 Samsung wakaja na Galaxy Z Flip. Dunia ikapiga makofi.

Mimi sina shida na kukunja. Kumkatia mtu simu kwa kuifunga "tap!" ni raha. Shida yangu ni kile waliacha kaburini.

StarTAC, betri unachomoa. RAZR V3, unafungua mgongo kwa kidole, unatoa betri, unaweka ingine, maisha yanasonga. Hizi mpya? Betri imefungiwa ndani na gundi. Na betri huzeeka hata kama simu hujawahi kuiangusha.

Watakwambia ni ili simu iwe nyembamba. Wapi! RAZR V3 ikifungwa ni milimita 13.9. Z Flip ya 2020 ikifungwa inapita 15. Ile ya zamani ilikuwa nyembamba zaidi na betri bado ilitoka.

Niliachia chuo njiani, lakini hii hesabu haihitaji digrii. Walirudisha kile kinapendeza kwa picha, wakaacha kile kilikuwa kinakuokolea pesa. Simu ambayo unaweza kutengeneza mwenyewe haikurudishi dukani haraka.

Kwa hivyo kabla uingie deni la kulipa polepole miezi kumi na mbili, usiulize kamera ni ngapi. Uliza: betri ikichoka, nani anaitoa, na kwa pesa ngapi? Pitia kwa fundi Luthuli umuulize vilevile. Kama jibu linakaribia bei ya simu ingine, hapo hununui simu. Unakodisha.