KONA YA UFUNDI: Silinda hedi haitaki haraka

Mzazi mmoja ameuliza: "Mwanangu anajifunza umakanika, kila siku anarudi na oili tu. Hesabu za shule zitamsaidia nini huko?" Mama, zitamsaidia sana. Tuchukue mfano wa silinda hedi ya Peugeot 504 ya petroli.

Gari hii ilianza kutoka mwaka 1968, na Kenya waliendelea kuiunganisha hadi 2004. Wengi wanaijua kwa kubeba abiria wa mbali na mizigo. Bloku yake ni chuma lakini hedi ni alumini, na alumini ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa hiyo gari ikichemsha sana, hedi inapinda. Utaona moshi mweupe, rejeta inatoa mapovu, oili inakuwa kama chai ya maziwa.

Fundi mwenye haraka anabadilisha gasketi tu, anafunga, anapokea pesa. Wiki mbili haziishi, maji yamerudi kwenye oili. Mwenye gari pengine alikopa kwenye kikundi, sasa analipa mara mbili. Na kijana ameshaharibu jina lake.

Basi vijana, fuateni hivi:

Kwanza, injini ipoe kabisa. Legeza bolti kidogo kidogo, anzia pembeni uje katikati. Kwenye 504 silivu za silinda zinakaa ndani ya maji. Hedi ikitoka, zibane kwa bolti na washa kubwa, na usizungushe injini. Zikinyanyuka tu, maji yanashuka kwenye oili.

Pili, toa valvu zote 8. Toboa katoni, andika namba, kila valvu irudi mahali pake.

Tatu, safisha hedi, tafuta nyufa, kisha lazia rula ya chuma iliyonyooka, kwa urefu na kwa mshazari. Kama karatasi ya daftari inapita chini yake, hedi imepinda. Hiyo ni kama milimita 0.1 tu! Ipelekwe kwa mwenye mashine aisawazishe, lakini aondoe kidogo iwezekanavyo. Akizidisha, mgandamizo unapanda na injini inaanza kugonga.

Nne, saga valvu kwa dawa yake mpaka uone mviringo wa kijivu usiokatika. Osha dawa yote. Rudisha valvu na springi, mimina mafuta ya taa upande wa chemba, subiri. Yakivuja kwenye njia, rudia kazi.

Tano, wapo wanaopenda kutanua njia za hewa na moshi ati gari ipate mbio. Hapo tumia akili. Ondoa vinundu vilivyobaki kiwandani, linganisha mdomo wa njia na tundu la gasketi ya manifoldi, inatosha. Ukitanua mno, hewa inapita polepole, na gari yenye mzigo inachoka mlimani. Tena ukikwangua sana unatoboa njia ya maji, hedi imekufa.

Mwisho, weka gasketi mpya. Safari hii kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa spana ya kupimia na kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Halafu pima nafasi za valvu.

Mama, umeona? Milimita, mpangilio, kutanuka kwa metali: yote hayo yako kwenye daftari la mwanao. Kazi ya grisi si ya waliofeli. Usimtoe shule apate muda wa gereji, wala usimtoe gereji kwa sababu ya nguo chafu. Siku tutakapofunga mizigo ya kuondoka hapa, ufundi hauchukui nafasi kwenye begi, na hakuna wa kumnyang'anya njiani.

Mungu akipenda, tukutane mwezi ujao.

Mwalimu wenu wa kujitolea